Mita Tisa na Kitu

…na viatu vyenyewe vinambana, maana vilinunuliwa kwa ajili ya saa sita mchana, kwa ajili ya zulia la ukumbi wa baraza la chuo, si kwa kusimama kwenye nyasi zenye umande ameshika ncha ya utepe wa chuma, lakini nani alimtuma, mdomo wake ndio uliomtuma, kama kawaida, jana tu alisimama mbele ya wapimaji wa idara ya upimaji ardhi akawaambia uwanja huu yeye anaujua hata akifungwa kitambaa machoni, wasihangaike kuleta mtu wa kuwashikia, Injini mwenyewe atakuja, na Injini ndiye yeye, jina alilojipa siku ya kwanza kazini baada ya kuona hakuna mwenye haraka ya kumpa, kaimu mkuu wa idara ya michezo ya chuo kikuu kizima, mtu wa kidato cha pili na robo, makombe matatu kabatini, miaka mitatu mfululizo, na ikifika saa sita baraza litaketi lilifute hilo neno kaimu, likishafutika anabaki mkuu, mkuu mtupu, mama yake tayari ameshawaambia majirani… "Kocha, hapo uliposimama ndipo ukingoni?" ni yule msichana mpimaji, yuko kule katikati ya kona ameinama, mgongo tu ndio unaonekana na kofia, "Ndipo," amejibu, "Basi shika tu hapohapo, usivute, mimi natafuta kile chuma cha katikati," usivute, anaambiwa usivute, dunia nzima hii neno hilo anaambiwa na watu wawili tu, na wote wawili kwenye kona hii hii, wa kwanza alikuwa Mzee wa uwanja, Mungu ampe nguvu huko alikostaafu, mtu aliyempokea Injini akiwa na panga la kufyekea na majigambo, akamfundisha kunoa, kumwaga chokaa bila kutetemeka, kusoma mawingu, na siku ile ya kuchora njia za kukimbilia Mzee alipigilia kipande cha nondo pale katikati, akafunga kamba, akasema, "Mita thelathini na sita na nusu kutoka hapa hadi kwako, nimeipima mwenyewe, wewe tembea nayo tu kama unampeleka mbuzi malishoni, usivute," na Injini akatembea kama anampeleka mbuzi, hatua mbili hivi, halafu wakapita wasichana wa bweni wanakwenda darasani, basi, mbuzi akageuka ng'ombe, akajifunga ile kamba kiunoni, akainamia mbele, misuli yote ikatoka kusalimia, akazunguka kona nzima anavuta kama anang'oa mti, na kamba ya nailoni si chuma, ukiivuta inakuja, ikaja mita moja na nusu, kona ya kwanza na ya pili, kamba ileile na kiuno kilekile, na wale wasichana hata hawakutazama, mmoja tu alitazama, akauliza, "Huyo kaka anaadhibiwa?"… "Nisipokipata dakika tano hizi naachana nacho," anasema msichana kule, anasukuma nyasi kwa mguu, "tutachora upya toka mwanzo, hao wanaokuja kutandaza zulia la mpira la kukimbilia hawajali ya zamani," dakika tano, kumbe ni dakika tano tu, kumbe hatakiwi kusema uongo wowote, anatakiwa kunyamaza tu, ingawa kunyamaza ndiyo kazi pekee chuoni hapa ambayo hajawahi kuifanya, akinyamaza nondo inabaki chini ya nyasi, mpira unatandazwa juu, na hakuna mtu duniani atakayejua kwamba njia ya kukimbilia ya Injini, ile ya Mfumo wa Injini, mfumo ambao makocha wenye shahada walikuja na madaftari kumsikiliza akiueleza kwa saa mbili bila maji, ilikuwa na mita tisa na kitu za ziada kila mzunguko, ndiyo hiyo siri, mita tisa na kitu, vijana wake walikuwa wanakimbia mia nne na tisa wanaandikiwa mia nne, miaka mitatu wanaona muda wao mbovu, wanalala wakijijua wazito, wanaamka wanakimbia tena, siku ya mashindano wakiwekwa kwenye uwanja wa watu, uwanja wa haki, mstari wa mwisho unawafikia kabla hawajachoka, mara ya kwanza hiyo Injini aliitikisa saa ya kupimia, akaipiga pajani, akadhani imekufa, halafu waandishi wakamzunguka, na yeye kuzungukwa ndipo anapoharibikia, akawaambia, "Sikilizeni, siri iko hapa," akagonga kichwa chake mwenyewe, tok, tok, na picha ile ikatoka, mama ameibandika ukutani hadi leo… Kwenye basi la kurudi Mzee alikaa dirishani, kombe liko mapajani mwa dereva wa zamu ya pili, watu wanaimba, Mzee akamsogelea sikioni, akasema neno moja, "Ulivuta," "Nilivuta nini Mzee?" "Kamba," halafu akacheka, akacheka mpaka kikohozi, mpaka akapewa maji, na hakumwambia mtu, mwaka mzima wa mwisho wa kazi yake hakumwambia mtu, siku ya kuagwa alipopewa kipaza sauti Injini alianza kutafuta mlango kwa macho, Mzee akasema tu, "Huyu kijana ana nguvu, mtunzeni," akarudisha kipaza sauti, na Injini hata asante hakusema, alipiga mluzi, eti shangwe, asante yenyewe ilikwama hapa kooni na bado ipo, ameizoea kama mwiba wa samaki… "Kocha, hukumbuki kilikuwa upande gani?" sasa hapo, hapo ndipo, angekuwa mpimaji mwingine yeyote angeshajibu zamani, angesema sikumbuki mkuu, nondo za zamani hizo zilishaibwa, na angesema vizuri sana, lakini huyu ni Twiga, na Twiga jina alimpa yeye mwenyewe, siku ya majaribio, msichana wa mwaka wa kwanza ana miguu inayoanzia kifuani, walikuja kumi na wawili siku ile, Injini alikuwa na wiki mbili kwenye kiti baada ya mkuu mwenye shahada kupata kazi kwingine, akaona lazima akate mmoja ili wengine wamwogope, na Twiga alikimbia mita elfu moja na mia tano kwa dakika nne na sekunde arobaini, kitabu kinataka nne na thelathini na tano, Injini akafunga kitabu kwa kishindo, akamwambia mbele za watu, "Mguu huo mrefu hivyo kumbe ni wa kuchumia maembe, rudi darasani Twiga, ukasome," watu wakacheka, na yule msichana anahema, jasho linadondoka kidevuni, akasema, "Asante kocha kwa kuniangalia," asante, yaani asante, Injini akaiona ni asante ya kijinga, akaiigiza kantini wiki nzima, asante kocha kwa kuniangalia, kwa sauti nyembamba, na Mama wa jikoni, yule yule aliyekubali kuwasha jiko saa kumi na moja alfajiri ili vijana wapate uji kabla ya mazoezi, ambaye bila uji wake hilo kombe lingekuwa la wengine, alimwekea sahani mezani akasema, "Mwanangu, ya kwako ya uji mimi bado naisubiri," akadhani anataniwa… na leo, amini usiamini, ni leo tu, amesimama na viatu vinavyombana, anafanya hesabu ya mtu mmoja, maana kujua alijua tangu kwenye basi, lakini alijua kwa jumla jumla, kama mtu anavyojua mvua inanyesha mahali fulani, mizunguko mitatu na robo tatu, kila mmoja mita tisa na kitu, na ile robo tatu ya kuanzia ina kona moja tu, thelathini na tatu, Twiga alikimbia mita thelathini na tatu ambazo hakuna aliyemwandikia, mita thelathini na tatu kwa mwendo ule ni sekunde sita, arobaini toa sita, thelathini na nne… thelathini na nne, na kitabu kinataka thelathini na tano, alipita, amepita kwa sekunde moja nzima, amesimama mbele yake akiwa amepita na akaambiwa akachume maembe, na yeye akashukuru, akaenda kusoma kweli, kusoma upimaji, sasa yuko mwaka wa nne, idara yake imemtuma yeye kwa sababu ndiye bora wao, miaka yote hii akipita na ile miguu mitatu ya chombo chao cha kupimia begani alikuwa anasimama hapo kwenye uzio dakika mbili tatu, anawahesabia wengine mizunguko, "Bado miwili, kaza!", Injini alikuwa anamwona, akijisemea ona huyo bado anautamani Mfumo… Mfumo gani, baba, mfumo wa kamba ya nailoni, mfumo wa kiuno, kama kuna mfumo basi ni hawa, vijana kumi na mmoja waliokuwa wanaambiwa kila asubuhi na saa ya kweli kwenye uwanja wa uongo kwamba hawatoshi, na kesho wakaja, na keshokutwa wakaja, hakuna aliyewashika mkono, hata mjamzito hamalizi miezi tisa bila kulalamika, wao wakaja, na Injini akiwauliza mnaendeleaje wanasema tunashukuru kocha, watu wote wa uwanja huu wanashukuru, isipokuwa aliyeshukuriwa, yeye ameshukuriwa mpaka anaweza kufungua duka la jumla, na kutoa hajawahi kutoa hata ya rejareja, Mzee, Mama wa jikoni, dereva aliyekuwa anasimamisha basi kila wanapotapika bila kunung'unika, yule mhadhiri mkali aliyesogeza mtihani siku mbili kisha akakana kwamba amesogeza, hawa wote, jamani, hawa ndio idara, yeye alikuwa honi… Na saa sita Daktari atakuwepo, Daktari wa elimu ya viungo, mjumbe wa baraza, aliyesema wazi kwenye kikao kwamba "kijana yule ana vitu viwili, bahati na sauti," akisikia habari ya kamba ataagiza chai ya pili anywe akiisikiliza tena, atasema mtu aliyeshindwa kutembea na kamba mtampaje idara, na swali si baya, hilo ndilo linaloudhi, swali ni zuri, na mama ameshawaambia majirani, na suti imetundikwa nyuma ya mlango wa stoo… lakini ubao wa rekodi nao upo, ule wa ukumbini, majina yote kumi na moja na muda wao wa nyumbani, kila mmoja amenyang'anywa sekunde zake, wakienda kuomba kazi, ufadhili, wanaandika muda ule ule wa uongo, wanajipunguza wenyewe kwa mwandiko mzuri, akinyamaza dakika tano hizi wataendelea kuwa wazito maishani mwao ili yeye aendelee kuwa mwerevu, hapana, hata kwa mtu wa kidato cha pili na robo hesabu hiyo inakataa kukaa… kwanza akisema, aha, kwanza akisema rekodi zote zinapanda, zote kwa mpigo, kocha gani mwingine aliwahi kuboresha muda wa timu nzima kwa asubuhi moja akiwa amesimama, haya, hata hili ataligeuza jigambo, ona, hajakaa sawa hata dakika, anacheka peke yake kwenye umande, na kicheko kinamjia kama kile cha Mzee kwenye basi, kinaanzia mbali, na sasa ndipo anaelewa Mzee alikuwa hamcheki, Mzee alikuwa anafurahi, alifurahi kwamba kosa la kijana mmoja mwenye sifa limeokota watu wote wale likawabeba, na akamwachia mwenyewe siku ya kulisema, akasubiri, akastaafu bila kuiona, jioni hii atampigia, ataanza na ile asante ya kooni, hata ikitoka na damu… "Kocha, naona tuache," Twiga amesimama wima, anajinyoosha kiuno, kofia ameisogeza nyuma, kutoka hapa ni mrefu kama siku ile, "hakipo."

"Kipo," anasema Injini, na sauti yake imetoka ndogo, si ile ya siku zote, akairudia, "Kipo, Twiga. Kushoto kwako, hatua tatu, penye nyasi ngumu. Na ukimaliza kusoma namba usiende, kuna muda wako nina deni la kukuambia," na Twiga anauliza, "Muda gani?" na yeye anasema, "Wako, dakika nne na thelathini na nne," na Twiga amebaki pale na mkono kwenye kofia, hajageuka kushoto bado, hajapiga hatua hata moja kati ya zile tatu, saa sita bado iko mbali, viatu bado vinambana, na utepe umelala juu ya nyasi kati yao, Injini ameushika kwa vidole viwili, ameushika tu, havuti.