Kokwa ya Tende

Mimi simwamini mtu anayekuja kazini na gunia zito akarudi nyumbani na gunia tupu. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye mzani wa vyuma chakavu, hapa kiwanda cha kusubu chuma cha Shimanzi, na wezi nawajua hata kwa mwendo. Kwa hivyo Mzee Kenga alipoanza kuja na gunia begani kila asubuhi, nilisema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako.

Kenga ndiye fundi wa tanuri, wa mwisho. Zamani king'ora chetu kikilia mtaa mzima uliamka. Watu mia tatu, wauza mahamri wamejipanga langoni, na nyumba gani Mombasa haikuwa na pasi yetu ya mkaa? Kisha vikaja vyombo vya nje, rahisi, kupitia bandari hii hii, tukabaki watatu: Kenga, mimi, na Fahmi, mjukuu wa mwenye kiwanda. Fahmi alishatuambia, vyuma visipotosha kujaza tanuri Alhamisi, haliwashwi tena, kiwanja anawakodishia watu wa makontena. Na mimi na miaka yangu hamsini na mbili, nani angeniajiri?

Sasa, mwezi ule madirisha ya Ndia Kuu yalikuwa yakiibwa vyuma. Jumatano nikamwambia Kenga amwage gunia.

"Ya nini, mwanangu? Pima hivyo hivyo."

"Mwaga, Mzee Kenga."

Vikatoka vyuma vya dirisha vyenye maua. Nikageuza kimoja, nyuma nikaona kishimo cha kokwa ya tende. Marehemu babangu, Gharib, fundi wa hapa hapa, alikuwa akibonyeza kokwa kwenye mchanga wa kalibu kabla ya chuma kumiminwa. Hiyo ndiyo sahihi yake. Damu ikanichemka. Kazi ya babangu ing'olewe kwenye nyumba za watu, kisha niletewe mimi niipime.

"Umevitoa wapi?"

"Ni vyangu."

"Vyako tangu lini?"

Akaanza kulikunja gunia lake. Nikajua mwizi amekiri. Nikamwita Fahmi, naye hakuuliza hata swali moja. Alimfukuza papo hapo, kwa upole ambao sikuupenda.

Alhamisi vyuma vilitosha, tena vikazidi, ila hapakuwa na wa kuwasha tanuri. Fahmi hakutafuta mwingine. Jumamosi makontena yakaanza kuingia.

Nikabeba chuma kimoja, nikazunguka Ndia Kuu nyumba hadi nyumba. Hakuna aliyekidai. Basi vilitoka wapi? Nikavuka hadi Kisauni kwa Kenga.

Madirisha yote yalikuwa yamepigiliwa mbao. Mkewe, Mejumaa, alinikuta nimeyakodolea macho.

"Babako ndiye aliyetusubulia vyuma vyake," akasema. "Ilikuwa ada yao mafundi. Mwenzao akioa, humpa madirisha. Wewe ulikuwa mdogo."

"Kwa nini Mzee Kenga hakuniambia?"

"Ungekubali kuvipima?"

Nikakifunika kile kishimo kwa kidole.

"Alisema mtoto wa Gharib hatakosa kazi kwa upungufu wa chuma."

Nikakiweka kile chuma kizingitini. Kenga alikuwa ndani, nilimsikia akikohoa. Nikapiga hodi mara tatu, na hakutoka.