Kitanda cha Wasioonekana

Uongo wa Fanias ulizaliwa mlangoni, kabla hata hajapewa maji ya kunywa. Siku ile ndiyo kwanza alikuwa ametoka vitani, midomo imepasuka kwa chumvi, akaenda moja kwa moja mtaa wa wafinyanzi, nyumbani kwa Timareta, mama wa rafiki yake Nausiniko. Mama yule hakuuliza kama mwanawe yu hai. Habari za merikebu zilizozama zilikuwa zimekwisha kufika Athene nzima. Aliuliza neno moja tu.

"Mlimzika?"

Tufani ilikuwa imewazuia watu kuokota maiti, na waliopatikana walikuwa wachache mno. Na asiyezikwa hapokelewi kwa wafu. Roho yake hutangatanga ukingoni kama mgeni aliyefungiwa mlango. Fanias alimtazama mama wa watu, ulimi ukamponyoka.

"Tulimzika, mama. Mimi mwenyewe nilimfumba macho. Mifupa yake inakuja."

Mama akamshika mikono yote miwili, akaibusu. Baada ya hapo, nani angeweza kurudi nyuma? Si Fanias, ambaye tangu utotoni hakuwa shujaa wa kitu chochote.

Majira ya baridi yalipofika, mji ukaandaa mazishi ya wote kwa pamoja, kama ilivyo desturi. Mifupa ya wale wachache waliopatikana ililazwa hemani siku tatu, ndugu waje na mafuta na mikate ya asali. Siku ya mwisho iliwekwa katika masanduku kumi ya mbao za mberoshi, sanduku moja kwa kila kabila, yakapandishwa kwenye magari ya kukokotwa. Nyuma ya magari kilibebwa kitanda kimoja kilichotandikwa vizuri, kisicho na mtu, kwa ajili ya wale ambao bahari haikuwarudisha.

Siku zote tatu Timareta hakubanduka kwenye mifupa ya kabila lake. Aliipaka mafuta, akaisemesha, akamgombeza hata mlinzi.

"Wewe, taratibu! Huyo hapendi kusukumwa, na akikasirika humwezi."

Jirani yake Filina, ambaye mwanawe alizama katika vita hivyo hivyo, alikuwa akimtazama kwa kijicho cha wazi.

"Shoga, una bahati. Mimi nalilia shuka la kitanda kitupu."

"Njoo ulie hapa, patatutosha. Wangu alikuwa mpiga soga, atamchangamsha na wako huko waliko."

Wakacheka, kisha wakalia, wameshikana mabega. Fanias alikuwa kando yao, amebeba chupa ya mafuta, na kila neno lilimchoma. Alijipa moyo kwamba uongo huu ni dawa, na dawa ni chungu kwa anayeimeza. Lakini aliyekuwa akimeza si yeye.

Asubuhi ya msafara, magari yalipokuwa yakitayarishwa, Timareta alimwita pembeni. Alikunjua joho la sufi jeupe, lenye pindo jekundu.

"Nilimfumia la harusi yake. Lichukue wewe, mwanangu. Mikono yako ndiyo iliyomsitiri."

Akamvika begani. Hapo Fanias akaketi chini, palepale barabarani.

"Hayumo, mama."

"Nani hayumo?"

"Nausiniko. Hayumo sandukuni. Sikumzika. Hakuna aliyemzika."

Timareta aligeuka akalitazama sanduku, akatazama vidole vyake vilivyokuwa bado vinang'aa mafuta.

"Na hawa niliokuwa nawapaka ni watoto wa nani?"

"Sijui."

Gari la kwanza likaanza kwenda, filimbi za maombolezo zikaanza kulia. Fanias alingoja kofi. Alilitamani kofi lile.

"Sasa niambie kweli," mama akasema. "Na ukinionea huruma tena, nitakulaani."

"Tulikuwa majini. Palikuwa na ubao mmoja, niliufikia mimi. Yeye alikuwa nyuma yangu, amechoka." Fanias alificha uso. "Akaniita."

"Akakuita vipi?"

"Kwa jina langu. Mara tatu. Nilimsikia zote tatu, mama. Sikugeuka, sikuitika. Niliogopa angenishika tukazama wote."

Masanduku yalipita moja baada ya jingine, hata lile la kabila lao, na Timareta hakulifuata. Kilipokuja kitanda kitupu, aliingia katikati ya wanawake waliokuwa wakikifuata. Filina alimwona, akaelewa bila kuambiwa, akampa nafasi. Wanawake wale walikuwa wakiwaita watoto wao kwa majina, kila mmoja mara tatu, kama waitwavyo waliofia mbali bila kaburi, ili roho zao zifuate sauti mpaka nyumbani.

Ilipofika zamu yake, Timareta hakufungua kinywa. Alirudi nyuma, akamshika Fanias mkono, akamwinua na kumvuta mpaka kitandani.

"Mimi sikuitwa," alimwambia. "Uliyeitwa ni wewe. Mwitikie."

Wabebaji walisimama. Watu wote wakawa wanamtazama. Fanias aliinama juu ya shuka, akalishika kwa mikono yote miwili.

"Naam, Nausiniko," alisema, na mama mtu akamshikilia asianguke. "Naam. Naam."