Mtafsiri wa Novela

Saa nane mchana, Mama Béatrice alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, kibarazani pake, pale Kasuku, mjini Kindu, aliposikia binti yake Princesse akitafsiri novela ya televisheni ndani ya nyumba ya jirani. Princesse alikuwa amepotea tangu miaka ya vita. Béatrice alimaliza fungu la sombe, akanawa mikono, akaenda.

Kwa Godefroid, chef wa avenue, yaani kiongozi wa mtaa, sebule ilikuwa imejaa. Siku hiyo alikuwa ameweka paneli ya jua juu ya bati, na televisheni yake ya zamani, iliyokaa miaka mingi ikibeba maua ya plastiki, ikawashwa. Kwenye kioo, bibi arusi alifungua mdomo, padri akafungua, tajiri mwenye ndevu akafungua, na wote wakatoa sauti moja ya msichana wa miaka kumi na minne, kwa Kiswahili cha Kindu. Fundi wa paneli alikagua waya, akasema hakuna kilichoharibika.

"Hii njo ya mwanangu," Béatrice akasema.

"Sauti ao televisheni?" mzee Bulaimu akauliza.

"Vyote."

"Televisheni nilinunua Lubutu, mama," Godefroid akasema. "Sauti sijui. Iko tu ndani."

Kabla ya vita, Princesse peke yake ndiye aliyejua Kifaransa nyumbani kwao. Kila siku saa nane alikaa karibu na kioo, wazazi na nyanya nyuma yake, akawatafsiria novela ya Brésil. Alitafsiri kwa adabu. Mwanaume na mwanamke wakibusiana, alisema, "Wanasalimiana." Nyanya alikufa akiamini kwamba watu wa Brésil ni watu wa salamu ndefu.

Halafu mchana mmoja wenye bunduki waliingia katikati ya kipindi. Walitaka televisheni na mtu wa kuibeba. Princesse akakunja kitenge cha nyanya, akafanya kata, wakamtwika, wakashika njia ya Lokandu.

"Wanasalimiana," televisheni ikasema sasa, na salamu ikawa ndefu. Vijana wakacheka. Béatrice akatafuta nafasi mkekani, akakaa.

Alirudi kila siku na rozari yake, akingoja mwanawe aseme neno lake mwenyewe. Princesse alifuata novela tu. Mpaka Alhamisi moja, bibi arusi aliyetoroka akarudi kwao, na mama yake akafungua mlango akilia.

"Mama anamuuliza alikuwa wapi siku zote hizi," ilisema sauti. "Mimi walinitua televisheni kwenye shamba la michikichi, ng'ambo ya kijito. Baba Godefroid aliipokea, maana yeye njo aliwaonyesha nyumba yetu. Alinipa maji. Halafu wao wakanipiga risasi. Niko pale, chini ya muchikichi wa tatu. Sasa bibi arusi anasema yeye pia amechoka."

"Watafsiri wanaongezaka maneno," Bulaimu akanung'unika. "Afuate novela."

Béatrice akageuka. "Chef, shamba lile iko lako sasa. Niruhusu nichimbe, nimuzike mwanangu na maombi."

"Mama, ile iko novela. Brésil michikichi iko mingi."

"Amesema wa tatu."

"Wa tatu unazaa vizuri sana. Ngoja mavuno yaishe."

Michikichi huzaa mwaka mzima, na kila mtu pale sebuleni alilijua hilo. Hakuna aliyelisema, kwa sababu tajiri mwenye ndevu alikuwa ndiyo kwanza anaingia.

Béatrice alipeleka neno kwa mkubwa mmoja wa mji. Yule alimsikiliza mpaka mwisho, akashika kidevu, akauliza kama mama wa bibi arusi hatimaye alimpokea.

Siku hizi Godefroid amemwekea mama huyo kiti cha mbele, chenye mto, na avenue nzima inasifu moyo wake. Béatrice anaenda, maana mwanawe yuko pale. Mvua ikipiga bati, waliokaa nyuma hawasikii vizuri.

"Mama Béatrice," Godefroid anasema kwa heshima, "ambia mutoto apandishe sauti."

Béatrice anainama karibu na kioo. "Princesse, mwanangu, sema kwa nguvu kidogo. Watu hawasikie."

Na Princesse, ambaye hakuwahi kubishana na wakubwa, anapandisha sauti.