Mkono wa Hannu

Urmi alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, vidole vya miguu vimekunjwa chini yake, anasaga shayiri ya Dakku, mwenye ghala. Mama yake, Hannu, alimsagia Dakku palepale mpaka akafa. Alizikwa chini ya sakafu hiyohiyo, kama wafu wote wa pale ukingoni mwa mto Furati, na konzi ya shayiri mkononi, maana vidole vyake vilikataa kukunjuka.

Mvua zilipokwisha, mkono wa Hannu ulitokeza sakafuni umeshika mabua. Urmi akawa anafagia kuuzunguka.

Shayiri ya enzi zile haikumngoja mtu. Ikikauka tu, inapukutika, na kilichoanguka hakikuwa na mwenyewe. Wanawake walishuka bondeni na makapu, wanaimba, wanataniana. Mjane alipata chake, kware naye chake. Lakini masuke ya Hannu yalikauka bila kudondosha hata punje.

"Mama, hii nitaipanda mtoni," alisema Urmi. "Nikivuna yangu, simsagii mtu tena."

Kidole gumba kikatikisika kidogo.

Dakku alipata habari, akaja. Akavuta mabua. Mkono ukakaza.

"Mchoyo huyu tangu yu hai!"

"Alikuwa na nini cha kukunyima, ami?"

"Ulimi huo ndio utakaoula wakati wa baridi? Ghala ni langu. Mwambie aachie."

Urmi alimtazama mwanawe aliyekuwa akilamba unga jiweni.

"Achia, mama."

Hannu akaachia.

Dakku alipanda mbegu zile ukingo mzima. Masuke yakasimama kwa utulivu, yakimngoja mwenye kapu kubwa, na kapu kubwa lilikuwa lake. Chini hakikuanguka kitu. Kware wakahama. Zile nyimbo hakuna aliyezikataza. Zilikosa tu pa kuimbiwa. Leo wapo wanaosema ghala ndilo lililotulisha. Hawasemi nani alilijaza.

Urmi aliendelea kusaga. Asubuhi moja mikono yote miwili ya Hannu ilitoka sakafuni, ikashika jiwe upande wa pili, wakawa wanasukumiana. Unga ulikuwa tayari kabla jua halijakolea, na Urmi akapata nafasi ya kunyoosha miguu.

Dakku alisimama mlangoni, akaitazama ile mikono minne.

"Hujambo, Hannu," alisema.

Kisha akaagiza liletwe kapu la pili la shayiri.