Mkia wa Gari la Baba

Mchora mabango alikuwa amebakiza taa za nyuma tu pale kaka yake alipoingia kwenye chumba cha kazi, akasimama nyuma ya kiti chake na kukaa kimya kuliko kawaida yake. Kaka mtu alikuwa fundi wa lifti, mzungumzaji wa kupindukia, na akikaa kimya namna ile basi ujue kuna jambo.

"Hili gari la nani?" akauliza mwishowe.

"La baba. Wewe unaona la nani?"

"Hili limekatwa mkia. Baba hakuwa na gari la namna hii."

Mdogo mtu akaweka brashi juu ya kopo. Ilikuwa kazi ya siri. Mama yao alikuwa anakaribia kutimiza miaka themanini, na wao wawili, ndio watoto pekee aliojaliwa, walikuwa wamekubaliana kumpa picha ya gari la marehemu baba, kubwa, ya kutundika sebuleni. Kaka angetengeneza fremu, dada angechora. Hapakuwa na picha hata moja ya gari lile, kwa hiyo alichora kwa kumbukumbu, na kwa upande wa kumbukumbu hakuwa na wasiwasi hata chembe. Gari lile ndilo lililomfundisha kuendesha. Alilijua kama anavyoujua uso wake.

Kwa hiyo wakaanza kubishana. Mwanzo walibishana kwa utani, baadaye wakabishana kweli, kama enzi zile walipokuwa wakigombea kiti cha dirishani, ingawa kwa kweli hawakuwahi kukigombea, maana kaka alimpita dada kwa miaka kumi na minne. Alipoondoka nyumbani kwenda kusomea ufundi nchi ya mbali, dada alikuwa bado anafunzwa kushika kijiko.

Kaka alisema gari la baba lilikuwa stesheni wagoni, refu kama chumba. Paa lilikwenda moja kwa moja hadi mwisho kabisa, halafu ndipo mlango wa nyuma ukashuka wima. Na ubavuni, baada ya mlango wa abiria wa nyuma, kulikuwa na dirisha jingine la tatu. Angewezaje kulisahau? Baba alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule, na gari lile lilibeba majora ya vitambaa yamelala chini kwa urefu wake wote. Juu ya majora ndipo yeye alipolala, kichwa nyuma, miguu mbele, akitazama miti na nyaya za umeme zikipita kwenye dirisha lile la tatu. Alikuwa akilala usingizi hadi shule ya mwisho ya mzunguko.

Dada alisema hakukuwa na dirisha la tatu wala nini. Lilikuwa hachibeki, fupi, paa likiishia karibu na migongo ya abiria wa nyuma, kisha mlango unateremka kwa mshazari pamoja na kioo chake. Ukiinua mlango, kibao cha kufunika mizigo kiliinuka nao, kimening'inia kwa kamba mbili. Kwenye kibao kile ndiko alikoacha kalamu zake za rangi siku ya jua kali, zikayeyuka, na baba akasema sasa gari limepambwa. Majora hayakulala humo hata siku moja. Baba alilaza kiti cha nyuma, akayapitisha mshazari mpaka katikati ya viti vya mbele, naye mtoto akasafiri akiwa ameegemeza shavu kwenye kitambaa kipya.

"Labda lilikuwa na buti ya peke yake, kama saluni," kaka akasema kwa kejeli, "maana naona kila mtu ana gari lake."

"Saluni ungelalaje humo? Buti imezibwa. Wewe mwenyewe umesema ulilala."

Jambo la kushangaza ni kwamba kuanzia kwenye milango ya mbele hadi pua, walikubaliana kwa kila kitu: rangi yake ya chai ya maziwa, usukani uliofungwa kitambaa cha sare iliyobaki, kishikio cha gia kilichochubuka. Ugomvi ulianzia mgongoni.

Kumuuliza mama kungeharibu siri. Ndipo kaka akakumbuka kwamba gari lile lilikuwa halitengenezwi na mtu mwingine ila Mzee Puti, fundi bodi aliyepewa jina hilo kwa sababu ya puti ya kuzibia mikunjo ya bati, iliyokuwa haimtoki kwenye kucha. Walimkuta gereji kwake, amekaa juu ya bampa iliyopinduliwa, anamwelekeza kijana wa kazi kwa mkono maana nyundo zilishamla sikio moja. Aliwatambua kwa kumtazama dada. Alisema ana paji la uso la fundi cherehani, liko vile vile.

Walimweleza shida yao, kila mmoja akitumaini kuungwa mkono. Mzee Puti alisikiliza, kisha akaanza kucheka polepole, mabega yakitikisika.

"Nyote mnasema kweli," akasema. "Lilikuwa gari moja. Mimi ndiye niliyelikata."

Akawasimulia. Mwaka ule ule kaka alioondoka, baba yao aliegesha gari nje ya shule moja akaingia kupima wanafunzi sare. Lori la mchanga likarudi kinyumenyume, likalikunja nyuma lote, paa likabonyea hadi karibu na kiti cha nyuma. Hakuna aliyeumia, ila mgongo ule haukuwa wa kunyooshwa tena. Walitafuta mgongo wa stesheni wagoni kila mahali, wakakosa. Alichokuwa nacho Mzee Puti pale gereji ni hachibeki ya kampuni ile ile, ndugu wa tumbo moja na lile gari, iliyokuwa imegonga ukuta na kuharibika mbele. Gari moja zima mbele, jingine zima nyuma. Akayakata yote mawili nyuma ya milango ya mbele, paa na sakafu, akayachomelea, akapiga puti, akapaka rangi ya chai ya maziwa kutoka pua hadi mkia. Hata milango ya nyuma ilitoka kwenye ile nyingine. Alijisifu kidogo hapo: hakuna aliyewahi kuona kiungo.

Kaka alikuwa anachora duara kwenye vumbi kwa ncha ya kiatu. Aliuliza mbona baba hakumwambia. Waliandikiana miaka yote ile, na aliporudi hatimaye na mke wake, gari lilikuwa limeshauzwa vipande vipande. Baba alimwambia tu kwamba lilichoka.

"Hilo sijui," Mzee Puti akasema. "Ninachojua, alikuwa hapendi ule ufupi. Siku nilipomkabidhi alilizunguka, akashika pale nyuma, akaniuliza: 'Sasa mwanangu akirudi atalala wapi?' Nikamwambia, mwanao ana ndevu sasa. Akacheka. Lakini kila alipopita hapa alichungulia kama nimepata mgongo mrefu. Miaka mingi alichungulia."

Kijana wa kazi alikuwa anasugua msasa kwenye mlango fulani, na sauti hiyo ndiyo iliyojaza gereji.

Kwenye kona palikuwa na stesheni wagoni ya mteja, imebanduliwa rangi, ikingoja kupigwa nyingine. Haikuwa ya kampuni ile, lakini paa lake lilikwenda hadi mwisho, na dirisha la tatu lilikuwepo. Kaka aliomba ruhusa kwa macho, akainua mlango wa nyuma. Viti vilikuwa vimetolewa. Akaingia kwa magoti, mtu mzima mwenye mvi na kitambi, akajilaza chali. Dada alimtazama kwanza, akaona haya kwa niaba yake, halafu naye akavua viatu akaingia, akalala kando yake.

Kutokea pale chini aliona kipande cha mbingu na ukingo wa bati la gereji. Alijaribu kumfikiria mvulana amelala juu ya majora, na mwanamume aliyekuwa mbele kwenye usukani, kijana bado, baba ambaye yeye hakumkuta. Wa kwake alikuwa amekwisha kuwa na miwani.

"Hapa ndipo nyaya zilipokuwa zinapita," kaka akasema, akionyesha kioo kwa kidole. Dada akamsogelea mpaka mabega yakagusana, wakakaa hivyo mpaka Mzee Puti akagonga paa na kuwauliza kama awaletee shuka.

Njiani kurudi walikuwa hawajui tena wachore gari gani. Kaka sasa alisisitiza ibaki hachibeki, kwa kuwa ndiyo dada aliyokulia. Dada naye alitaka kuirefusha iwe ya kaka. Walishindana kuachiana kama walivyoshindana kunyang'anyana asubuhi, na mwisho wakachoka, wakaamua siri basi, wamuulize mama mwenyewe.

Kesho yake mama aliletwa kwenye chumba cha kazi, akakalishwa mbele ya ubao. Alivaa miwani, akatazama mgongo ule mfupi kwa muda, akasikiliza habari za lori na kukatwa, ambazo bila shaka alizijua kuliko wao.

"Mimi sina ugomvi na nyuma," akasema. "Asubuhi aliondoka mimi niko jikoni. Hilo gari nililiona likija. Kila jioni nilisimama mlangoni, nikaliona likikata kona, linakuja hivi." Akanyoosha kiganja kuelekea usoni pake. "Nichoree likija."

Dada akaugeuza ubao upande wa pili, kaka akaupiga msasa. Mama hakukubali kurudishwa nyumbani. Alikaa palepale siku nzima, akisimamia kazi: pua haikuwa pana hivyo, taa moja iliingia ukungu ndani, kioo cha mbele kilikuwa na kibandiko cha ukaguzi pembeni. Gari likatokea polepole likiwa limewaelekea, na nyuma ya usukani mtu mwenye miwani na paji pana la uso, kiwiko amekitoa dirishani.

"Miwani hakuwa nayo," mama akasema. Halafu akasita. "Au mvike. Alipendeza nayo. Ila hicho kiwiko kiinue, alikuwa anakiweka juu zaidi."

Dada akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akafuta kiwiko, akaanza upya.