Rufaa ya Billow

Mwezi wa pili mwaka 1966, Billow Korane, Msomali wa Garissa, alimpiga mwenzake ngumi ndani ya bwalo la chuo kikuu, Nairobi, watu wakitazama. Aliyepigwa aliitwa Buya, Mpokomo wa Mto Tana, mwanafunzi wa mwaka wa pili kama yeye. Buya alikuwa amemwita shifta, jina la waasi wa Kisomali waliopigana na serikali. Jino moja lilitoka.

Kamati ya nidhamu ilimsimamisha Billow masomo kwa mwaka mzima. Barua yao ilisema anaweza kukata rufaa ndani ya siku thelathini, mradi alete barua ya tabia njema kutoka wilayani kwao.

Aliyeandika hayo hakuwahi kusafiri kwenda Garissa wakati wa hali ya hatari. Billow alisubiri kibali siku sita, kisha akapanda lori katika msafara uliosindikizwa na askari, wakienda polepole kwa kuogopa mabomu ya ardhini. Alipofika nyumbani, mama yake, Maka, alimwacha amalize chai kwanza.

"Ulimpiga kwa nini?"

"Aliniita shifta, hooyo."

"Sisi hapa tunaitwa hivyo tangu asubuhi mpaka jioni. Mimi ningempiga nani, nimwache nani?"

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Ngamia wao walikuwa wametaifishwa mwaka uliopita, na tangu hapo alizungumza hivyo, kama mtu anayeongea huku amelala.

Kwenye ofisi ya serikali, karani Abdow alimkaribisha vizuri na kumwambia arudi kesho. Kesho yake alimwambia vivyo hivyo. Siku ya tisa Billow akashindwa kuvumilia.

"Mimi ni mwanafunzi tu, Abdow. Unanijua tangu utotoni."

"Nakujua, walaal, ndugu yangu. Lakini mkubwa anaogopa kutia sahihi. Akikusifu leo, na kesho ukikutwa na bunduki, ataulizwa yeye."

Mwishowe barua ilitoka. Ilikuwa na mstari mmoja: ofisi haikuwa na habari ya kosa lolote la Billow. Kuhusu tabia njema, kimya.

Alifika mbele ya kamati siku ya ishirini na tisa, vumbi la njiani bado limo masikioni. Mwenyekiti alimuuliza kama anajuta.

"Najutia jino lake," Billow alisema. "Lakini nimesoma kanuni zenu zote. Ngumi ina adhabu. Tusi lile halimo."

Mjumbe mmoja alifungua kitabu cha kanuni, akapekua, akakubali kwamba kweli halimo. Ndipo mwenyekiti akamgeukia Buya, aliyeitwa kama shahidi. "Kwa nini ulimwita hivyo?"

"Asubuhi ile nilipata barua kutoka nyumbani. Kaka yangu Komora aliuawa na shifta shambani kwetu, ng'ambo ya mto, mkabala na kijiji cha Kotile. Waliomuua wakachoma na ghala. Nilipoingia bwaloni nikamwona Billow anacheka na wenzake."

"Mbona hukusema mara ya kwanza?"

"Mliniuliza nani alianza kupiga. Hamkuniuliza jambo jingine."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," Billow alinong'ona. Hotuba nzima aliyoipanga ndani ya lori ilimtoka kichwani.

Waliwatoa nje kwa nusu saa. Walipowarudisha, mwenyekiti alisoma uamuzi: Billow atakaa nje hadi muhula ujao, si mwaka mzima, naye Buya ataandikiwa barua ya onyo.

"Yeye msimwandikie," Billow alisema. "Ana msiba."

"Hilo si juu yako, bwana Korane."

Billow aliinuka, akatoka nje.

Kwenye ngazi za nje walisimama wawili hao, kila mmoja akitazama upande wake.

"Pole, Buya. Kwa kaka yako. Na kwa jino."

Buya aliitikia kwa kichwa. "Siku ile mlikuwa mnacheka nini?"

Billow alijaribu kukumbuka. "Wallahi sijui. Jambo la kipuuzi tu."

Sanduku lake la bati lilikuwa bado stoo kwa mlinzi wa bweni, na alitakiwa kuliondoa kabla ya saa sita. Lilikuwa zito, limejaa vitabu. Buya alimfuata hadi stoo, akalitazama, kisha akainama, akashika mshikio wa upande wa pili, wakalibeba pamoja hadi getini.