Kikombe cha Vishikio Viwili

Gaynor Tams aliisoma barua ya serikali mara ya kwanza akiwa amesimama, mara ya pili akiwa ameketi. Mara ya tatu alimpa jirani yake Avril aisome kwa sauti, maana alidhani labda macho yake ndiyo yaliyokosea.

"'Alinikaribisha chai aliyoiandaa mwenyewe,'" Avril alisoma. "'Alinyanyua kikombe cha kauri kwa mkono mmoja, akakigeuza juu chini na kukitazama, bila dalili yoyote ya maumivu.'" Aliishusha miwani. "Shoga, huyu mtathmini alikuja kwako kweli au aliingia nyumba nyingine?"

"Alikuja hapa. Alikaa hapo ulipokaa wewe."

"Na chai niliipika mimi!"

"Uliipika wewe."

"Miaka sabini na minane niko duniani, siku moja chai yangu inasifiwa na serikali, sifa anapewa mwingine."

Gaynor alicheka, kisha akaitazama tena barua. Chini ya barua palikuwa na mstari mmoja wenye wino mzito: posho ya ulemavu aliyoiomba imekataliwa.

Mikono yake ilikuwa mapajani, vidole vimelala upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Kwa miaka thelathini na moja vidole hivyo vilibandika vishikio vya vikombe katika kiwanda kimoja pale Longton, mji wa wafinyanzi huko Uingereza. Kikombe kibichi mkono wa kushoto, kishikio mkono wa kulia, tone la udongo wa majimaji, bonyeza, futa, kingine. Kisha baridi yabisi ikaingia kwenye viungo na haikutoka. Sasa hakuweza kufunga kifungo wala kusokota bomba la maji. Kila asubuhi Avril alivuka uwanja mdogo kati ya nyumba zao, akamvalisha, akamchania nywele, akamtolea umbea wa mtaa mzima.

Lakini mwezi wa tano Avril angefanyiwa upasuaji wa nyonga. Daktari alimwambia asiiname tena kumfunga mtu viatu. Posho ile ingemlipa msaidizi wa asubuhi. Bila hiyo, Gaynor angehamia kwa mwanawe Craig huko Swindon, katika chumba kilichokuwa cha masanduku, mbali na kila mtu aliyemjua kwa jina.

Jumanne walikwenda ukumbi wa kanisa, ambako Nadeem aliwasaidia watu kuandika barua kama hizi. Alikuwa dereva wa basi mstaafu. Kanuni za posho alizisoma mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, akisubiri abiria mwisho wa njia, na mpaka leo aliweka penseli nyuma ya sikio.

"Haya, dereva," Avril alimwambia, "tupeleke."

"Basi langu haliendi mbio, mama. Lakini linafika." Nadeem aliisoma taarifa yote ya mtathmini, akachora mistari midogo pembeni. "Dada Gaynor, hiki kikombe. Ulikigeuza?"

"Nilimwambia yule mtathmini akigeuze."

"Kwa nini?"

Gaynor na Avril walitazamana. Swali lilikuwa geni kwao. Pale Longton mtu akikaribishwa chai, hata msibani, lazima ageuze kikombe aone mhuri wa kiwanda chini yake, ajue kimetoka kwa nani.

"Ah," Nadeem alisema. "Mke wangu hugeuza hata sahani za hotelini. Watoto walikuwa wanajificha chini ya meza kwa aibu. Kwa hiyo aligeuza yeye, lakini ameandika uligeuza wewe."

"Alikuwa na mafua yule binti," Gaynor alisema. "Viatu vimelowa. Aliniambia mimi ni wa tano siku hiyo, na bado wawili. Nadhani aliandika baadaye, ndani ya gari, vitu vikamchanganyikia."

"Unamtetea!" Avril alifoka.

"Simtetei. Nasema nilivyoona."

Nadeem aliandika. "Na wewe siku hiyo ulinywea nini?"

"Sikunywa. Nilimwambia nimeshakunywa."

"Kila siku unanywea nini?"

Gaynor alitazama dirishani. Avril ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake.

"Ana kikombe cha plastiki. Cha vishikio viwili na mfuniko. Kama vya watoto."

"Na siku ile kilikuwa wapi?"

"Chini ya sinki," Gaynor alisema. "Nyuma ya sabuni. Pamoja na kile kifaa cha kuvutia soksi. Kiti cha bafuni tulikipeleka kwa Avril."

"Mgeni anakuja," Avril alieleza, kana kwamba Nadeem hajui. "Huwezi kumwacha mgeni aone mambo hayo. Tulipiga deki mpaka ngazini."

Nadeem hakucheka wala kulaumu. Aliweka penseli mezani. "Kila Jumanne nasikia haya. Watu wanaficha ulemavu, halafu wanaomba posho ya ulemavu. Hicho kikombe, dada, kije siku ya rufaa."

"Hapana."

"Dada..."

"Nimebandika vishikio vya vikombe walivyonywea mabwana na mabibi. Sitakaa mbele ya jaji na chupa ya mtoto. Mikono yangu nitakuja nayo. Waitazame hiyo."

Kwanza waliomba uamuzi uangaliwe upya. Baada ya wiki tisa jibu lilikuja na maneno yale yale, tarehe tu ndiyo mpya. Nadeem alikata rufaa. Aliichukua taarifa kifungu kwa kifungu, akaandika kilichosemwa, kilichotokea, na nani alikiona. Avril aliandika barua yake mwenyewe kuhusu ile chai, kurasa nne. Nadeem alimwomba aondoe kurasa mbili zilizohusu tabia za serikali.

Baraza la rufaa lilikaa mwezi wa nne, asubuhi ya mvua, katika chumba chenye zulia la kijivu. Nyuma ya meza walikuwa watatu: jaji mwenye sauti ya upole, daktari, na mwanamke mzee mwenye mkongojo, aliyewekwa pale kwa kuwa yeye mwenyewe aliishi na ulemavu. Mbele ya Gaynor palikuwa na jagi la maji na bilauri.

"Habari za asubuhi, Bi. Tams," jaji alisema. "Unajisikiaje leo?"

"Si vibaya, Mheshimiwa. Siwezi kulalamika."

Nadeem alikohoa. Avril alikohoa zaidi. Gaynor alisikia maneno yake yakiwa yameshatoka, yale yale aliyomwambia mtathmini mlangoni, yale yale anayomwambia kila mtu tangu utotoni.

Daktari aliuliza kuhusu kikombe. Gaynor alieleza. Jaji, ambaye hakuwa mtu wa sehemu zile, alikunja uso.

"Samahani. Mtu ageuze kikombe cha mwenyeji wake kwa sababu gani?"

"Hapa kwetu hugeuza wote," mwanamke mwenye mkongojo alisema. "Nimeshageuza cha ofisini leo. Hakina mhuri wowote."

Hata jaji alitabasamu. Lakini daktari aliendelea kuitazama karatasi. "Naelewa desturi," alisema. "Ninachotaka kujua ni kama anaweza kukishika. Taarifa inasema anaweza. Yeye anasema hawezi. Jirani ni rafiki yake." Hakusema kwa ukali.

Wakati huo simu ya Gaynor ililia mkobani. Saa tano.

"Dawa yangu," alisema. "Samahani. Naweza kungoja."

"Tafadhali meza," jaji alisema. "Hatuna haraka."

Avril alitoa kidonge, akakiweka kwenye kiganja cha Gaynor. Daktari alimmiminia maji na kumsogezea bilauri karibu. Kisha wote wakangoja, kwa adabu kabisa, na bilauri ikawa pale mbele yake, imejaa.

Gaynor aliitazama. Aliwaza kwamba anaweza kusema hana kiu. Anaweza kukimeza kikavu, alishawahi. Kidonge kingekwama kooni kwa saa nzima, na hakuna ambaye angejua. Akakumbuka sinki, na sabuni, na jinsi alivyopiga magoti kuficha kile kikombe, kisha asiweze kuinuka mpaka Avril alipokuja.

"Avril," alisema. "Nipe kikombe changu."

"Lakini ulisema..."

"Kimo mkobani. Nilikitia asubuhi, kwa ajili ya dawa tu. Nilidhani nitakwenda kunywea msalani."

Avril alikitoa. Kilikuwa cha rangi ya samawati, kimechubuka, na mdomo wa kunyonyea ulikuwa na alama za meno. Alihamishia maji humo, akafunga mfuniko. Gaynor aliingiza mikono yote miwili katika vishikio, si vidole, mikono hadi kwenye vifundo, akakinyanyua taratibu kama mtu anayeinua ndoo. Kidevu kilikuja kukutana nacho katikati ya njia. Maji kidogo yalimmwagikia kwenye blauzi ambayo Avril alikuwa ameipiga pasi. Alimeza, akakishusha mezani.

"Kila siku ndivyo hivi?" daktari aliuliza.

"Leo ni siku nzuri," Gaynor alisema. Kisha akajisahihisha. "Hapana. Ndivyo hivi. Siku mbaya nanyweshwa."

Daktari alifunika taarifa.

Walitolewa nje kwa dakika ishirini. Avril alizitumia kuwasimulia watu wengine kwenye benchi habari za nyonga yake. Walipoitwa, jaji alisema rufaa imekubaliwa. Gaynor aliuliza, kwa kuwa hakuwa na hakika, "Kwa hiyo nabaki nyumbani?"

"Hilo sisi hatuamui, Bi. Tams," jaji alisema. "Lakini posho utapata."

"Anabaki," Avril alisema.

Nadeem aliwapeleka kwenye mgahawa wa jirani, wakaagiza chapati laini za shayiri na jibini, na chai kwa watatu. Mhudumu alipokuja, Gaynor alimsogezea kile cha samawati.

"Yangu itie humu, binti. Maziwa mengi."

Kijana aliyekuwa meza ya pili aligeuka kutazama. Avril alimkazia macho mpaka akarudi kwenye sahani yake. Kisha alinywa chai yake haraka, akainua kikombe cha kauri hewani ili Gaynor akione chini.

"Mhuri?" Gaynor aliuliza.

"Wa ng'ambo."

Gaynor alisogeza uso karibu, akakichunguza kishikio pale kilipokutana na kikombe. "Na kimebandikwa kwa haraka," alisema. "Ona, udongo haukufutwa. Maskini aliyekibandika, sijui naye alikuwa na vingapi siku hiyo."